Jicho la Kulia

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na jibu tayari kwa swali la kwa nini sikumaliza chuo. Ni jibu fupi, linamtosha hata mtu ambaye mmeketi naye kiti kimoja kwenye matatu: mjomba wangu aliacha kunilipia karo. Ukiuliza kwa nini aliacha, ninainua mabega na kusema, "Alichoka kufanya kazi." Hapo watu hunionea huruma, na huruma ikishaingia hakuna anayeuliza swali la tatu.

Jibu hilo lilianza kuharibika Jumatano moja asubuhi nikiwa na darubini shingoni.

Ninasema ile darubini ya macho mawili, ya kuangalizia wanyama na ndege. Ilikuwa ya Mjomba. Aliendesha magari ya watalii kwa zaidi ya miaka kumi na tano, Mara, Amboseli, Samburu, akilala kwenye vyumba vya madereva na kurudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi. Machi 2020 ndege za kimataifa zilipozuiwa kutua nchini, kazi ilikatika siku moja kama stima. Hilo halikuwa kosa lake. Lakini watalii walirudi, madereva wenzake wakarudi barabarani, na yeye akabaki Gilgil akifuga kuku. Mama alipompigia kumkumbusha karo yangu, alijibu kwamba barabara imemshinda. Baada ya wiki mbili akatuma mzigo kwa matatu ya Nakuru: gunia la viazi, na katikati ya viazi, imefungwa kwa sweta kuukuu, darubini. Ujumbe wake kwa Mama ulikuwa, "Mpe kijana."

Niliichukulia kama tusi. Nimeomba karo, nimetumiwa kioo cha kuangalizia swara. Nikaitupa juu ya kabati, na muhula uliofuata sikurudi chuo.

Nisingeigusa tena kama si njaa ya mwandishi wa kujitegemea. Mhariri mmoja alitaka makala kuhusu mambo ya kufanya Nairobi bila pesa nyingi, nami nikakumbuka kwamba kuna matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi, watu hukutana pale Makumbusho kisha wanaamua waelekee wapi. Siku hiyo tulienda Arboretum. Ni msitu mdogo wa hekta 30 hivi, ulioanzishwa 1907 kujaribu miti ambayo ingefaa kuni za reli, na leo unawafaa zaidi wapendanao na wahubiri wanaofanya mazoezi ya sauti. Wenzangu wengi walikuwa wazee wa kofia pana na daftari ndogo. Nilikuwa wa pekee niliyevaa viatu vyeupe.

Nusu saa ya kwanza nilijitetea vizuri. Mtu akisema "chozi, pale kwenye ua jekundu," nainua darubini, natafuta, napata kitu chenye rangi, naitikia. Enyewe nilikuwa ninaona. Nikikaza macho, ndege alikuja kuwa ndege, na mdomo wake ulipinda kama walivyosema. Shida ni kwamba kila nilipoishusha nilihisi mtu amenifunga kamba kuzunguka kichwa na anaivuta polepole. Kufikia saa nne nilikuwa nimeketi kwenye gogo nikijikanda kipaji. Nilijiambia ni jua. Baadaye nikajiambia ni kukosa kiamsha kinywa.

Mama mmoja mstaafu, mwenye darubini iliyochakaa mpaka rangi imetoka kwenye kona, alikuwa ameniangalia nikifumba jicho hili na lile, nikizungusha gurudumu mbele na nyuma kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani.

"Kijana, hiyo darubini ni yako?"

"Ni ya mjomba wangu, mama."

"Umewahi kuiweka?"

"Kuiweka wapi?"

Alicheka, akaketi karibu nami kwenye gogo. Alichonifundisha kwa dakika tano kimenisumbua kuliko mihadhara yote ya maadili niliyohudhuria kwa miaka miwili na nusu, kwa hivyo nitakieleza taratibu.

Kwanza ni upana. Darubini hujikunja katikati kwenye bawaba, na ipo sababu: macho ya watu hayajaachana sawa. Kwa mtu mzima, kutoka mboni moja hadi nyingine ni kama milimita 60 na kitu, lakini wako wembamba na wako wapana. Unaikunja na kuikunjua mpaka ile miduara miwili iwe mduara mmoja. Kwenye filamu askari akiangalia kwa darubini tunaonyeshwa miduara miwili iliyoungana, kama nane iliyolala. Ni uongo wa filamu. Ukiona nane iliyolala, hujaiweka.

Pili ni vile vikombe vya mpira vya kuwekea macho. Mwenye miwani huvishusha, asiye na miwani huviinua. Hilo halikutuchukua muda.

Tatu ndipo penyewe. Tafuta kitu kisichosonga, chenye mistari mikali. Alinionyesha kibao cha jina la mti, hatua kama ishirini kutoka tulipokuwa. Funika lenzi ya kulia kwa kiganja. Usifumbe jicho, maana ukilifumba moja hata la pili hujikunja. Acha yote mawili wazi. Sasa kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka herufi za kibao zisomeke. Zikishasomeka, usiliguse tena gurudumu. Hamisha kiganja, funika lenzi ya kushoto. Ukiangalia kwa jicho la kulia, zungusha pete iliyo pale kwenye kioo cha kulia, hiyo peke yake, mpaka kibao kilekile kisomeke vilevile.

"Gurudumu linasukuma pande zote mbili," alisema. "Pete inasukuma upande mmoja tu. Iliwekwa kwa sababu macho yako mawili hayafanani. Ya nani yanafanana?"

Nikashika pete. Haikuzunguka. Tukaisogeza kwenye mwanga, tukaona imezungushiwa tepu nyeusi, ile ya mafundi wa stima, mara mbili tatu, ikakatwa kwa uangalifu ili isizibe alama. Mama yule aliinama akasoma. Pete ilikuwa imesukumwa upande wa kutoa, karibu na mwisho kabisa.

"Mwenye hii," alisema, "jicho lake la kulia halioni mbali. Na halijakosa kidogo. Kisha alijua, ndiyo maana akaifunga isisogee."

Nikamwambia Mjomba hajawahi kuvaa miwani maishani mwake. Alikuwa dereva.

"Ndiyo," alisema, kana kwamba nimemjibu swali.

Nilibandua tepu kwa ukucha. Gundi ilikuwa imegeuka lami, ikanichafua vidole. Pete ikazunguka, kibao kikasomeka, nikafungua macho yote mawili na kukiangalia tena, na kitu fulani usoni pangu, ambacho sikujua kilikuwa kimekazwa, kikaachia. Alafu kwarara akapita juu yetu akipiga ile kelele yake ya kugombana. Nikamfuata angani bila taabu. Nikaona kijani kwenye bega lake, ambacho kwa miaka yote ya kumwona akidonoa kwenye nyasi za barabarani sikuwa nimekiona.

*

Niliporudi nyumbani nilisoma kuhusu yale maumivu ya kichwa. Jicho la kijana lina uwezo wa kujikaza: lenzi ya ndani hubadilika umbo na kulazimisha picha isimame. Uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosonga, na wengi huutambua umekwisha wakiwa kwenye miaka ya arobaini, wanapoanza kusoma simu kwa mkono ulionyooshwa. Lakini macho yetu mawili hukazana kwa pamoja. Darubini isiyowekwa sawa inalitaka jicho moja likaze na jingine lilegee, jambo ambalo macho hayawezi. Basi yanapokezana, yanavutana, na wewe unaona, ndiyo, ila unalipa. Yule mama angeishika darubini ya Mjomba, angeona ukungu papo hapo na kuirudisha. Mimi, kwa kuwa macho yangu ni machanga, niliweza kujidanganya kwa nusu saa.

Nikakumbuka jibu langu la matatu. Nilikuwa ninamwona Mjomba waziwazi, hilo sikuwa na shaka nalo. Mvivu, aliyechoka, aliyenitelekeza. Picha ilisimama. Lakini kila mara nilipomaliza kuisimulia nilikuwa na uchovu ambao sikuweza kuueleza, na kila Krismasi nilitafuta sababu ya kutokwenda Gilgil.

Kuna mwanafalsafa tuliyesomeshwa mwaka wa pili, mmoja wa wachache niliowasoma kwa hiari, Iris Murdoch. Katika kitabu chake cha 1970, *The Sovereignty of Good*, ana mfano wa mama mkwe. Mama huyu anamwona mke wa mwanawe kuwa msichana asiye na adabu, mwenye kelele, wa kitoto. Kwa nje anamtendea vyema kabisa, hakuna anayejua. Murdoch anataka tufikirie hata kwamba msichana yuko mbali au amekufa, ili tusije tukasema amebadilika yeye. Mama mkwe anajiambia: huenda nina wivu, huenda nina fikra za kizamani, hebu nimtazame tena. Anamtazama tena kwa moyo, na polepole anaona kwamba ule ukosefu wa adabu ni uwazi, kelele ni uchangamfu, utoto ni ujana. Hakuna tendo lolote lililofanyika. Hata hivyo Murdoch anasema kazi ya kimaadili imefanyika, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote: kujifunza kuona.

Darasani nilikuwa na pingamizi, na nililitoa kwa ile sauti ya mwanafunzi anayetaka wasichana wa mstari wa mbele wageuke. Mama mkwe anajuaje kwamba sasa anaona vizuri zaidi? Labda amechoka kumchukia tu. Labda amejichagulia picha ya kumpa usingizi. Mhadhiri alisema ni swali zuri, tukaendelea na mada nyingine.

Leo ningejibu kwa kile kibao cha mti. Huweki darubini kwa kumwangalia ndege unayemtaka, kwa sababu ndege unayemtaka utamwona hata kwenye jani kavu. Unaiweka kwa kitu ambacho hakikupi faida yoyote kikisomeka hivi au vile. Mimi na jina la mti hatukuwa na ugomvi. Kwenye kisa cha Mjomba, kibao changu kilikuwa tarehe na hesabu, vitu visivyojali hisia zangu. Nilichukua karatasi nikaziandika. Mjomba alilipa karo yangu ya mwaka wa kwanza na wa pili, hata miezi ile ambayo hakukuwa na mtalii mmoja Mara. Aliacha mwaka wa tatu. Na hapa kuna kitu ambacho huruma ya watu wa matatu haijawahi kukifikia: mwaka huo wa tatu nilikuwa tayari nimeanguka masomo mawili, nilikuwa nimeacha kuingia darasani tangu wiki ya tano, na mkopo wa serikali nilioupata ulikuwa umeenda kwenye simu mpya. Karo ingelipwa ningekuwa na muhula mmoja zaidi wa kudanganya. Nilihitaji mtu wa kubeba lawama, na mtu anayefuga kuku Gilgil bila kujitetea ni kabati zuri la kufichia.

Hayo hayakunifurahisha. Hata hivyo yalinipa kitulizo fulani, na kitulizo hicho ndicho ninachotaka kukichunguza. Kwa wiki moja hivi nilikuwa na picha mpya ya Mjomba, na ilikuwa tamu mno. Mzee aliyeumwa jicho kimyakimya, akalificha ili mpwa wake asome, mpaka lilipomshinda akakaa nyumbani na kuitwa mvivu bila kusema neno. Nilimsimulia rafiki yangu mmoja, akafuta machozi. Nilikuwa hata nimeanza kuiandika kama makala, na aya ya kwanza ilikuwa tayari inajipenda.

Kilichoiharibu ni punda.

Krismasi moja, kabla sijajiunga na chuo, Mjomba alitusimulia jinsi alivyomgonga punda jioni kwenye barabara ya kwenda Narok, upande wa Suswa. Gari lilikuwa na wageni saba. Alisimulia vizuri sana, akaigiza wale Wazungu walivyopiga nduru, akaigiza mwenye punda akidai bei ya ng'ombe watatu. Tulicheka mpaka Mama akamwaga chai. "Alitokea kulia," Mjomba alisema, "kama amerushwa."

Nilikuwa kitandani nilipoikumbuka hiyo sentensi. Alitokea kulia. Magari yetu yana usukani upande wa kulia, na magari yanayokuja yanapita upande wa kulia. Saa kumi na mbili jioni, jua likiwa chini, wageni saba nyuma, na jicho la upande huo likiona ukungu. Kwenye darubini alikuwa na pete na tepu. Kwenye kioo cha gari hakukuwa na pete.

Najua wapo watu wanaoendesha kwa jicho moja miaka na mikaka bila kugusa hata ukingo wa barabara. Najua punda wa Suswa wanamtokea yeyote. Lakini mtu aliyefunga tepu alijua, na aliyejua hakumwambia mwajiri wake wala wale saba, na sehemu ya zile shilingi alizopata kwa kutosema zililipa chumba changu cha hosteli.

Hapa ndipo ninapoachana kidogo na Murdoch. Mama mkwe wake ana bahati. Anatazama tena, na anachokiona kinapendeka zaidi kuliko cha kwanza, hivyo ukweli na upendo vinamfikisha mlango mmoja. Mimi nilipotazama tena nilimpenda Mjomba zaidi na pia nikamlaumu zaidi. Lawama mpya ni nzito kuliko ile ya uvivu, kwa kuwa safari hii ni ya kweli, na mimi nimo ndani yake. Yeye alihatarisha watu. Mimi nilikula matunda yake. Kisha nikamtukana kwa siku aliyoamua kuacha, ambayo huenda ndiyo siku aliyofanya jambo la haki kuliko yote. Sijapata namna ya kuyaangalia haya bila kitu kunivuta. Mwanzoni nilifikiri ni ile kamba ya kichwa imerudi, kwamba kuna pete nyingine sijaizungusha. Sidhani. Macho yakiwa yametulia, unabaki na kilicho mbele yako.

Na kuna swali la tepu. Niliibandua bila kuuliza. Yule mama wa Arboretum aliona ni jambo la kawaida, darubini ni ya anayeishika. Lakini kwa siku kadhaa nilijihisi kama mtu aliyefungua barua ya mwingine. Mjomba hakuwa ameniambia lolote kuhusu jicho lake. Au alikuwa ameniambia. "Mpe kijana." Mtu anayeacha barabara kwa sababu ya jicho, na anatuma darubini iliyofungwa kwa kipimo cha jicho hilohilo, anatuma nini? Yawezekana alitaka tu nione ndege.

*

Nilienda Gilgil Jumamosi iliyofuata. Nilimpigia nikiwa tayari nimefika Naivasha, ili nisipate nafasi ya kughairi.

Nilimkuta kwenye banda la kuku. Amekonda. Tulisalimiana kama watu waliokutana benki, "Shikamoo Mjomba," "Marahaba, habari ya Nairobi," akanipa stuli na yeye akaketi kwenye debe. Nikatoa darubini kwenye mkoba na kumpa kwa mikono miwili.

Aliigeuza, akapapasa pete kwa kidole gumba. Tepu haikuwapo. Hakusema kitu. Aliiinua kuelekea vilima vya Eburru, na bila hata kufikiri, kama mtu anayefunga kifungo cha shati, akaisukuma pete upande wa kutoa. Ikafika mwisho. Akajaribu kuisukuma zaidi. Akaishusha, akaisugua lenzi kwa pindo la sweta, akaiinua tena, na safari hii akaifunika lenzi ya kulia kwa kiganja chake chote na kuangalia kwa la kushoto.

"Haitoshi tena," alisema.

"Umeenda hospitali?"

"Nilienda. Wanasema ni mtoto wa jicho, atolewe." Aliendelea kuangalia vilima. "Wewe umekuja kuuliza hilo?"

Kuku mmoja alipanda juu ya mkoba wangu na hakuna kati yetu aliyemfukuza.

"Hapana, Mjomba," nikasema. "Nimekuja kukuambia kuhusu masomo mawili niliyoanguka. Halafu nikuulize kuhusu yule punda."

Alishusha darubini, akaiweka gotini, akaiacha pete ilipokuwa.

"Anza na masomo," alisema. "Punda ni hadithi ndefu."